Mti Uliokunjwa Ungali Hai

Panapozungumzwa malezi, Waswahili huwa na methali mbili karibu na ulimi. Ya kwanza ni samaki mkunje angali mbichi. Ya pili ni udongo uwahi ungali maji. Zote mbili zina hekima isiyohitaji kutetewa: kila kitu kina wakati wake wa kukubali umbo, na wakati huo ukipita, nguvu huvunja badala ya kukunja. Hata hivyo kuna jambo ambalo msemaji wa methali hizi hulipita bila kuliona. Samaki anayekunjwa angali mbichi ni samaki aliyekwisha kufa. Ametoka majini, amefika mikononi mwa mpishi, na ubichi wake ni wa nyama tu. Udongo nao haukupata kuishi. Mfinyanzi hana haja ya kuuliza kama chungu kinaumia, wala mpishi hana haja ya kuuliza samaki angependa kulazwa vipi kikaangoni. Mifano yote miwili ya malezi imechukuliwa kwenye vitu visivyoweza kujibu.

Ipo sanaa moja inayokunja kitu kilicho hai na kukiacha hai. Ni bonsai, sanaa iliyoanzia China na kukuzwa kwa namna ya pekee nchini Japani, ya kuotesha mti ndani ya chungu kifupi na kuutunza kwa miaka mingi ubaki mdogo, huku ukichukua sura ya mzee wa msituni. Ni vigumu kuitazama sanaa hii kwa muda mrefu bila swali la kimaadili kujileta lenyewe. Mtu ana haki gani ya kuudumaza mti ambao, ukiachwa, ungepita paa la nyumba yake? Na kama haki hiyo ipo, inatoka wapi, nayo inamdai nini mwenye kuitumia? Swali linaanza kwenye mti, lakini haliishii hapo.

Mahali pazuri pa kuliuliza ni miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Ni miji iliyopokea watu wengi kutoka Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika: Wasomali kwanza kwa wingi wao, kisha Waoromo, Wakenya na wengineo. Ni miji pia yenye baridi isiyo na mzaha. Usiku wa Januari kipimajoto huweza kushuka hadi nyuzi 25 za Selsiasi chini ya sifuri, na mkulima mwenye busara hapandi mboga zake za nchi za joto kabla ya katikati ya Mei. Na Saint Paul ina udugu wa zamani na Japani. Mwaka 1955, miaka kumi baada ya bomu la atomu, mji huo ulifunga udugu na Nagasaki, wa kwanza wa aina yake kati ya mji wa Marekani na mji wa Japani. Mwaka 1979 bustani ya Kijapani iliyosanifiwa na Masami Matsuda wa Nagasaki ilikamilika katika hifadhi ya Como, karibu na jumba la kioo lililofunguliwa mwaka 1915. Hapo Como mkazi yeyote wa mji anaweza kusimama mbele ya mti wenye umri wa kumzaa, usiofika kiunoni mwake.

Na afikiriwe mtunza bustani mmoja wa ridhaa, mzaliwa wa Tanga, anayeishi kusini mwa Minneapolis na kupata riziki yake kwa kazi nyingine kabisa. Nyuma ya nyumba ana kitalu cha mboga. Dirishani ana chungu cha yasmini. Juu ya meza ya mbao ana bonsai nne au tano, ambazo anajifunza kuzitunza kwa kukosea na kurudia. Wageni wake huzisifu mboga, na huinama kunusa yasmini. Wakifika kwenye meza ya mbao hunyamaza kidogo, kisha mmoja wao huuliza kwa mzaha ulio nusu ya kweli: “Mti huu, bwana, umekukosea nini?”

Mzaha huo unastahili jibu. Jibu halipatikani bila kwanza kuona kwa nini mboga na ua haviamshi swali kama hilo.

Mboga hufa. Mchicha, kunde, mnavu na mgagani, ambazo watu wa Afrika Mashariki huzipanda katika miji hii kila kiangazi kwa hamu kubwa, hupandwa ili zichumwe, zikatwe na zipikwe. Kwa kipimo cha madhara, hakuna tendo la bustanini lililo zito kuliko hilo. Lakini hakuna anayeuliza mchicha umekosa nini. Sababu ni kwamba uhusiano wa mtu na mboga una hesabu inayofungwa. Mtu alipalilia, akamwagilia, akachuma, akala. Mmea ulipewa majira yake yote ukaota kwa kadiri ya nguvu zake. Njaa ni hoja ambayo kila kiumbe anaielewa, na mlaji naye siku moja atakuwa chakula cha udongo.

Yasmini nayo ina hesabu yake. Machipukizi yake huchumwa jioni kabla hayajafunguka, yakatungwa pamoja na mrehani, na harufu ikaamka usiku juu ya nywele za mwenye kikuba. Asubuhi ua limenyauka. Lakini mmea haukupungukiwa na kitu cha kudumu. Chipukizi lililochumwa linafuatwa na lingine, na jirani wa kaskazini asiyejua kikuba ni nini hupata harufu ile ile. Hapa pia deni ni fupi.

Bonsai haina mavuno. Hakuna siku ambayo mtunzaji atasema kazi imekwisha na hesabu imefungwa. Mti unakunjwa leo, utakunjwa mwakani, na utakunjwa baada ya mtunzaji kufa, ikiwa utampata mrithi. Tena haukunjwi kwa ajili ya tumbo. Unakunjwa kwa ajili ya jicho. Hapo ndipo dhamiri inapoanza kusumbuka, kwa kuwa binadamu ana mazoea ya kuisamehe njaa na kuutilia shaka uzuri.

Mazoea hayo yachunguzwe. Fahari mojawapo ya Minnesota ni tofaa linaloitwa Honeycrisp. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walilipata kutokana na mbelewele walizozivusha mwaka 1960, na wakalitoa kwa wakulima mwaka 1991. Kila mti wa Honeycrisp duniani ni kikonyo kilichobebeshwa juu ya shina la mti mwingine, na mara nyingi shina hilo la chini limechaguliwa makusudi ili mti usirefuke, matunda yafikiwe bila ngazi ndefu. Matawi yake hufungwa kwenye nyaya na kulazwa upande. Kila mwaka hupogolewa. Kwa maneno mengine, mla tofaa anakula tunda la mti uliodumazwa, uliofungwa na kukatwa, na hakuna mgeni anayesimama shambani kumwuliza mkulima mti umemkosea nini. Kama kudumaza ni dhuluma, basi ni dhuluma hata pale faida yake inapotafunwa. Kama si dhuluma shambani, haiwezi kugeuka dhuluma mezani kwa sababu tu faida yake inatazamwa.

Kwa hiyo inabidi kujua hasa ni nini anachotendewa mti ndani ya chungu. Watu wengi hudhani bonsai ni mbegu ya aina ya pekee, au ni mti uliowekewa dawa, au ulionyimwa chakula. Yote matatu si kweli. Bonsai ni mti wa kawaida. Mizizi yake hupunguzwa kila baada ya miaka kadhaa na udongo wake hubadilishwa. Matawi hupogolewa. Mengine huviringishiwa waya wa alumini au wa shaba nyekundu na kuelekezwa. Mti unaonyimwa maji na mbolea haugeuki bonsai; unageuka kuni. Ule unaotunzwa vyema huweza kuishi kuliko wenzake wa porini. Na jambo la kushangaza kuliko yote ni kwamba mbegu ya mti huo, ikidondoka ardhini, huota mti mrefu kama ule wa babu yake. Chungu hakijaufuta ukubwa wake. Kimeuahirisha.

Mtetezi wa mti anaweza kusema kwamba kuahirisha kusiko na mwisho ni jina zuri tu la kunyima. Hoja hiyo ina wakili mkubwa. Mwaka 1839 mwandishi wa Kichina Gong Zizhen aliandika insha fupi juu ya miti ya maua ya jamii ya plamu. Wasomi wa zama zake walipenda plamu zilizopinda, zenye matawi machache na mwelekeo wa kando, na wauzaji wakazikata na kuzifunga ili zipendeze kwa bei. Gong anasimulia kwamba alinunua vyungu 300 na kuona kwamba mimea yote ilikuwa migonjwa. Akaililia siku tatu, akaapa kuiponya: akavunja vyungu, akaipanda ardhini, akazikata kamba. Kila msomaji wake alielewa kwamba plamu hizo ni pia vijana wa nchi yake, waliopindwa na mitihani na hofu mpaka wakapoteza uwezo wa kusimama wima. Miaka 20 baadaye, upande wa pili wa dunia, John Stuart Mill naye alifananisha tabia ya binadamu na mti unaotaka kukua kila upande, akawalaumu wale wanaoona mti uliofyekwa kuwa mzuri kuliko ule ulioumbwa na asili. Watu wawili wasiojuana walifika kwenye mti mmoja.

Mtunza bustani wa Minneapolis hawezi kuwajibu kwa kusema kwamba anapenda miti yake. Wauzaji wa plamu nao wangesema hivyo. Huenda akajaribu kujitetea kwa asili yenyewe. Katika jimbo lake, mbali kaskazini, kwenye ukingo wa Ziwa Superior huko Grand Portage, kuna mwerezi mdogo ulioota juu ya jabali tupu. Mizizi yake imepenya kwenye nyufa na shina lake limejisokota kwa upepo wa mamia ya miaka. Waojibwe wanauita Manidoo-giizhikens, roho ya mwerezi mdogo, na huuwekea tumbaku kwa heshima. Hakuna mkono wa mtu uliouviringishia waya. Jabali liliubana, barafu iliukata, na jua liliuita upande mmoja.

Utetezi huo unathibitisha jambo moja tu. Unathibitisha kwamba udogo wenyewe si fedheha. Mti wa Grand Portage si mwerezi ulioshindwa kuwa mwerezi. Ni mwerezi kamili uliojibu mahali ulipozaliwa. Lakini jabali halina nia, na mtu anayo. Mtu hawezi kumpiga mwenzake na kusema kwamba hata nazi huangukia watu. Kilicho sahihi kwa mwamba hakimsafishi mwenye mkasi.

Huenda basi akajitetea kwa mahali. Mmoja wa miti yake ni adeniamu, ambao wauza maua huuita waridi la jangwani. Kwao ni nchi kavu za Afrika Mashariki, ambako huota katikati ya mawe, shina lake limefura kwa maji uliyojiwekea, na utomvu wake una sumu ambayo wawindaji wa zamani waliipaka mishale. Wageni wanaomtaka auachie huru wanataka nini hasa? Akiutoa chunguni na kuupanda nyuma ya nyumba yake, utachanua Julai na kufa kwa jalidi la kwanza la Oktoba. Kwa adeniamu aliyeko Minneapolis, chungu kinachoweza kuingizwa ndani ndicho kinachoutenga na kifo. Uhuru usio na mahali pa kusimama ni neno tu. Hili watu waliohama nchi zao hawahitaji kufundishwa na mti.

Utetezi huu ni mzuri kuliko wa kwanza, lakini nao una tobo. Adeniamu haukuja Minneapolis kwa miguu yake. Aliyeufikisha penye theluji ndiye anayejisifu kwamba anauokoa na theluji. Haja ya chungu imetengenezwa na mwenye chungu. Hawezi kuihesabu kuwa sadaka. Ni deni alilolikopa mwenyewe siku alipoununua.

Neno hilo, deni, ndilo linalofungua njia. Insha ya Gong Zizhen husomwa kwa haraka kana kwamba inamalizika vyungu vinapovunjwa. Haimaliziki hapo. Gong alijiwekea muda wa miaka mitano ya kuiponya mimea ile, akafungua nyumba ya kuiuguza, na akasikitika kwamba hana nafasi na ardhi ya kutosha kuendelea. Alijua kwamba mti uliokunjwa hausimami wima siku kamba inapokatwa. Mwenye kufungua naye ana kazi ya miaka. Kwa hiyo aliyekunja na aliyekunjua wanasimama mbele ya swali moja, nalo si kama mkono uliugusa mti. Kila mkulima huugusa. Swali ni kama mkono huo ulibaki.

Bonsai inalifundisha jambo hili kwa waya. Waya unaoviringishwa kwenye tawi hauna kazi ya kulishikilia tawi milele. Kazi yake ni kulishikilia mpaka mti wenyewe uamue kuukubali mwelekeo ule, kwa kujenga mbao mpya ndani ya ganda. Wakati wa kukua kwa kasi, tawi hunenepa na waya huanza kuuma. Mtunzaji aliyeusahau kwa wiki chache atakuta mfereji umechimbwa kwenye gamba, na kovu hilo litaonekana kwa miaka. Ndiyo maana walimu wa kazi hii husisitiza kuutazama waya mara kwa mara, na kuukata vipande vipande badala ya kuuviringua, ili tawi lisivunjike wakati wa kufunguliwa. Waya mwema ni ule unaowekwa kwa nia ya kuondolewa. Na tawi likirudi lilikotoka baada ya waya kukatwa, hilo ni jibu la mti, na mtunzaji hana budi kulisikia.

Jibu jingine hutolewa na baridi. Kati ya miti ya meza ile kuna larichi, jamii ya msonobari wa vinamasi vya Minnesota, ambayo hupukutisha sindano zake zote kabla ya theluji. Mtu aliyezaliwa Tanga anaposikia upepo wa Desemba, moyo wake humwambia auingize mti huo sebuleni, karibu na jiko, palipo na joto. Akiutii moyo wake ataudhoofisha mti, na hatimaye atauua. Larichi inahitaji usingizi wa baridi. Ikinyimwa majira yake ya kulala, nguvu ya kuchipua huiishia. Lakini pia haiwezi kuachwa juu ya meza, kwa kuwa mizizi iliyo chunguni haina kinga ya ardhi kubwa, nayo huganda kupita kiasi. Kinachotakiwa ni kuifukia chini pamoja na chungu chake na kuifunika matandazo ya majani, au kuiweka katika banda la gari lisilo na joto, penye giza na baridi ya wastani. Huruma ya mtu wa pwani haitoshi. Lazima ajifunze kumpa mwenzake kitu ambacho yeye mwenyewe hakitaki.

Hapo kuna tofauti kati ya kukunja na kudhulumu ambayo hakuna kitabu kingeieleza vizuri zaidi. Mtunzaji huamua tawi lielekee wapi, lakini haamui mti uwe mti gani. Kuna sheria ambazo mti umekuja nazo, na umbo lolote linalozivunja sheria hizo hugeuka maiti yenye sura nzuri. Sanaa yote iko ndani ya nafasi finyu iliyobaki kati ya anachokitaka mtu na anachokiweza mti.

Mfano wa mkono usiobaki nao hauko mbali na meza ile. Kati ya mwaka 1938 na 1968, karibu na makutano ya barabara ya Hiawatha na mtaa wa 28, kusini mwa Minneapolis, vilitengenezwa viuatilifu vyenye aseniki. Upepo ulilipeperusha vumbi lake. Kazi ilikwisha na waliofaidika wakaenda zao. Aseniki haikwenda. Ilikaa kwenye nyua za nyumba za mtaa wa Phillips na mitaa ya jirani, mahali wanapoishi watu wa kipato kidogo, Wahindi Wekundu wa asili ya nchi hiyo na wahamiaji, pakiwemo wa kutoka Pembe ya Afrika. Mwaka 2007 serikali kuu ya Marekani iliiweka ardhi hiyo katika orodha ya taifa ya sehemu zilizochafuliwa vibaya, na udongo wa mamia ya viwanja ukachimbwa na kubadilishwa. Kwa hiyo mwenye kitalu cha mchicha kusini mwa Minneapolis hana anasa ya kudhani kwamba udongo wake hauna historia. Anaupima, au anapanda kwenye masanduku ya mbao yaliyojazwa udongo wa kuletwa.

Inafaa kuviweka viwili hivi sambamba. Wale waliotengeneza viuatilifu hawakuukunja mti wowote wala kuuweka mtu yeyote chunguni. Kazi yao ilikuwa na hoja ya njaa nyuma yake, kwa kuwa viuatilifu huokoa mazao. Lakini waliibadilisha ardhi na kuiacha, na waliolipa ni watoto waliocheza kwenye vumbi ambalo halikuwa lao. Mwenye bonsai hana hoja ya njaa hata chembe. Anachokuwa nacho ni kwamba kila alichokikata kinamrudia kesho asubuhi kikiwa na kiu. Uzito wa kimaadili uko zaidi katika kurudi huko kuliko katika ukali wa mkasi.

Ushahidi mkubwa wa kurudi huko uko Washington, katika makumbusho ya taifa ya bonsai. Kuna msonobari mweupe wa Kijapani ulioanza kutunzwa mwaka 1625. Tarehe 6 Agosti 1945 ulikuwa nyumbani kwa familia ya Yamaki huko Hiroshima, kama kilomita tatu kutoka pale bomu lilipolipukia, nyuma ya ukuta wa bustani. Ulinusurika, na familia ikaendelea kuunywesha. Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa kuwa zawadi kwa Marekani, nchi iliyolidondosha bomu, pamoja na bonsai nyingine, bila kueleza ulikopitia. Habari hiyo ilijulikana kwa walinzi wake mwaka 2001 tu, wajukuu wa Yamaki walipokwenda kuutazama. Mti ule umekatwa na kuelekezwa kwa karne karibu nne. Asiyejua angesema ni mfungwa wa muda mrefu. Lakini hakuna kizazi hata kimoja katika vizazi vyote hivyo kilichoweza kuusahau kwa wiki moja ya kiangazi, maana ungekufa. Katika hesabu ya nani amemfunga nani, jibu si jepesi.

Sasa methali za mwanzo zinaweza kurudiwa. Katika miji hii, mzazi aliyetoka Lamu, Kismayo au Kisumu anamlea mtoto ambaye hajawahi kuliona pwani wala ziwa la wazazi wake. Anataka mtoto asalimie wakubwa kwa shikamoo, ajue lugha, ajue adabu ya kula na ya kunyamaza. Huko ni kukunja, na hakuna haja ya kulionea haya neno hilo. Mtoto asiyeelekezwa na mzazi ataelekezwa na mtaa, na upepo haumhurumii mtu. Lakini mzazi akimfikiria mtoto kama samaki, atajiuliza swali moja tu: je, wakati bado upo? Akimfikiria kama udongo, atauliza mkono wake una ustadi gani. Akimfikiria kama larichi atakuwa na maswali mengine ya ziada. Mtoto huyu amekuja na sheria gani zisizovunjika? Waya umeanza kuuma? Joto analompa ni la mtoto, au ni la mzazi mwenyewe anayeogopa Desemba?

Ulinganisho huo una ukomo, na ukomo wake ni muhimu. Bonsai haitashika mkasi hata siku moja. Mtoto atashika, na ni wajibu wake kushika. Yule aliyelelewa vyema ndiye atakayechagua ni tawi gani aliloelekezwa alibakize na lipi aliachie lirudi. Mzazi anayetaka mtoto abaki daima katika umbo alilompa ameshaacha malezi na kurudi kwa samaki. Kwa hiyo mti unatoa kipimo cha chini tu. Kama hata mti usiosema una haki ya kutazamwa kila siku na kila mmoja aliyeukunja, basi mwenye kusema ana haki hiyo na nyingine juu yake.

Mgeni aliyeuliza mti umekosa nini anaweza kujibiwa hivi: haukukosa kitu, na ndiyo maana unadai. Uzuri wake haumpi mtunzaji haki ya kuukunja. Haki hiyo, ikiwa ipo, inanunuliwa kwa kila siku ya kumwagilia, na siku asipoinunua haipo tena. Hii ni haki nyonge sana ukilinganisha na zile watu wanazozoea kudai juu ya watoto, wafanyakazi, ardhi na nchi. Huenda unyonge wake ndio ubora wake.

Kila baada ya miaka miwili au mitatu mtunza bustani huyu husafiri kwenda Tanga kuwaona ndugu zake, na likizo yake huangukia Julai. Katika jua la Julai chungu kifupi hukauka kwa siku moja. Mboga zinaweza kuachwa zikajitegemea, na yasmini itastahimili. Bonsai haziwezi kuachwa. Wiki moja kabla ya safari humwita bintiye mwenye umri wa miaka kumi na minne, wakasimama pamoja mbele ya meza ya mbao. Hamfundishi kupogoa, wala hamwonyeshi waya. Humwambia atie kidole kwenye udongo kila asubuhi, na kila alasiri, kabla ya kuamua kama mti una kiu.

“Nikisahau?” binti huuliza.

“Utaniambia,” baba hujibu, “nami nitarudi.”